MPUNGA MWITU KATIKA MABONDE YETU

Makatibu wa vyama huuliza kwa nini mavuno hupungua katika bonde lililolimwa vizuri na kupaliliwa mara mbili. Aghalabu jawabu limo ndani ya mpunga wenyewe.

Mpunga mwitu ni jamaa wa mpunga tuulao, hivyo ungali mchanga hata mkulima mzoefu huuacha akidhani ni wake. Upo uishio miaka mingi na kuenea kwa mashina yatambaayo chini ya ardhi. Ninaousemea hapa ni ule uotao, kuzaa na kufa katika msimu mmoja, ambao nguvu yake yote imo katika mbegu. Punje zake zina unywele mrefu, nazo hupukutika kabla mpunga wetu haujaiva. Shika suke ulitikise kidogo: zikidondoka mkononi, ndio huo. Zilizokwisha kuanguka huweza kulala udongoni zaidi ya msimu mmoja. Zilizochelewa kuiva huvunwa pamoja na mpunga na kuingia poloni.

Hapo nakiri kosa langu. Chama kimoja nilichokikagua kilinunua mbegu kwa mwanachama wake. Nilihesabu mapolo, nikalinganisha na daftari la ghala, nikatia sahihi. Sikufungua hata moja. Msimu uliofuata mpunga mwitu ulionekana katika makonde yaliyokuwa safi miaka yote. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Kwa hiyo katibu amimine mbegu kiasi katika ungo mbele ya kamati kabla ya kulipa. Bora zaidi ni kulikagua konde mpunga ungali umesimama.

Mvua za mwanzo za masika zikinyesha, msiharakie kupanda. Yaacheni magugu yaote, liburugeni konde, ndipo mpande, tena kwa mistari au kwa miche ya kitaluni. Kiotacho nje ya mstari king'olewe bila kuulizwa. Msitegemee sana dawa, kwani ile isiyoudhuru mpunga haiudhuru na jamaa yake. Masuke yaondolewe kabla ya kukomaa na kuchomwa nje ya konde.

Katika mabonde ya kumwagilia, kama Cheju, Mtwango na Bumbwisudi, maji hutoka konde moja kwenda jingine na mbegu huyafuata. Kazi ya mmoja haifai kitu jirani akilala. Kamati zipange siku ya kung'oa bonde zima. Asiyefika, awekewe kibarua na ujira uandikwe katika hesabu yake.

Suke lenye shaka lipelekwe kwa wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Kizimbani, likiwa limefungwa katika karatasi ili punje zisianguke njiani.