Mamlaka ya Mkaguzi wa Boila

Wengi wakaao Pioneer, mjini Eldoret, hupata riziki yao viwandani. Katika viwanda vya nguo na vya maziwa, na katika hospitali kubwa, kazi nyingi hutegemea mvuke utokao katika boila. Yafaa basi kila mtu ajue ni nani mwenye amri juu ya chombo hicho.

Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya kwanza. Ndani ya boila nafasi hiyo haipo, kwa hiyo mvuke husukuma chuma pande zote. Chuma kikiliwa na kutu, kikifunikwa na ukoko wa chokaa, au maji yakipungua, huregea na kuweza kupasuka.

Tarehe 27 Aprili 1865, boila za meli Sultana zilipasuka katika mto Mississippi, Marekani, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Siku chache kabla yake boila moja ilionekana kuvuja. Haikutengenezwa barabara, bali ilitiwa kiraka upesi ili safari isicheleweshwe.

Haraka ya namna hiyo haina nafasi katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007. Kila boila ya mvuke lazima ikaguliwe angalau mara moja katika miezi 12, na tena baada ya matengenezo makubwa. Mkaguzi huwa mtu aliyeidhinishwa na serikali. Kwanza huitazama boila ikiwa baridi na safi, ndani na nje. Kisha huitazama ikiwa na mvuke, apate kuona kama vali ya usalama yafunguka ipasavyo.

Zaidi ya hayo, afisa wa usalama wa serikali aweza kuingia kiwandani mchana au usiku watu wakiwa kazini. Akiona hatari kubwa iliyo karibu, aweza kuandika hati ya kusimamisha kazi. Kumzuia afisa huyo ni kosa.

Mwenye kiwanda aweza kusikitikia hasara ya siku moja. Lakini asimamaye karibu na moto ni mfanyakazi. Naye asifunge vali ya usalama wala kuitundikia uzito, na aonapo uvujaji atoe habari mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.