Pikipiki ya Dubai, Spea za Wapi?

Swali ni lile lile, hubadilika nchi tu. "Fundi, CRF450R Marekani ni dola 9,699. Mbona huku mnatuibia?" Mwingine atakuja na picha ya tangazo la Dubai, na mwenzake ana shemeji Birmingham aliyeona KTM kwa bei ya kutupa. Wote wanataka kusikia kwamba muuzaji wa hapa ni mwizi na kwamba mjanja huagiza mwenyewe. Hesabu inakataa.

Hizo dola 9,699 zilikuwa bei ya Honda kwa toleo la 2024 la pikipiki hiyo ya mashindano, bila kodi ya mauzo, bila nauli ya kuifikisha dukani, bila malipo ya kuiunganisha. Mnunuzi wa California hulipa kodi ambayo mwenzake wa Oregon haijui. Uingereza, bei ya dukani imekwisha kumeza VAT ya asilimia 20. Dubai VAT ni asilimia 5. Kuzipanga bei hizo mstari mmoja ni kulinganisha kitambaa na suti iliyokwisha kushonwa.

Tuseme umepata pikipiki Dubai kwa dola 5,000, nauli na bima 500. Forodha haitozi kwenye 5,000, inatoza kwenye 5,500. Ushuru wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani dola 1,375, jumla 6,875. VAT inakuja juu ya jumla hiyo: kwa asilimia 18 ya Tanzania ni 1,237.50. Umefika 8,112.50 na bado kuna tozo ndogondogo, gharama za bandari na wakala wa forodha. Mkenya asicheke. VAT yake ni asilimia 16, lakini ana ushuru wa bidhaa juu yake. Na ile risiti ya dola 2,000 uliyoandikiwa na rafiki haimdanganyi mtu; forodha wakiitilia shaka hutumia thamani yao wenyewe.

Haya, tuseme umepata nafuu ya kweli. Hapo ndipo ninapoambiwa maneno yanayonitoa jasho: "Spea si tatizo, tutachongesha." Au: "Ya Boxer inaingia."

Haiingii. Injini ya Boxer iliundwa kubeba abiria na gunia kwa miaka, kwa mwendo wa kiasi. CRF250R inazunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Pistoni yake ni fupi na nyepesi, imetengenezwa kwa vipimo ambavyo mashine ya kuchongea ya mtaani haiwezi hata kuvipima, achilia mbali kuvifuata. Bushi nitakuchongea. Pistoni, sithubutu.

Valvu ndiyo balaa zaidi. Fundi wetu amezoea kuzisaga kwa grisi ya mchanga mpaka zikae vizuri, na kwa bodaboda ni kazi halali kabisa. Lakini injini nyingi za mashindano za mipigo minne zina valvu za titani, zenye utando mwembamba mgumu juu yake. Ukizisaga unauondoa utando huo, na titani laini iliyobaki chini yake inalika haraka mno. Pikipiki itawaka vizuri, utamsifu fundi, kisha itaanza kugoma kuwaka asubuhi, halafu asubuhi na jioni. Utasema petroli ni mbovu. Petroli haina kosa. Valvu ya namna hiyo ikichoka inabadilishwa, na ya kubadilishia haiuzwi Kariakoo wala Kirinyaga Road kwa kuotea.

Tena si kwamba huenda ukaihitaji siku moja. Matengenezo ya mashine hizi huhesabiwa kwa saa, si kwa kilomita; ipo miongozo inayotaka pistoni mpya baada ya saa 15 za mbio. Kwa hiyo wakala mwenye spea ni sehemu ya bei yenyewe. Huko Ulaya na Marekani yuko jirani, ndiyo maana wao hawamtaji. Waranti nayo, kwa pikipiki za mashindano, mara nyingi ni fupi au haipo, na iliyopo kwa kawaida hubaki nchi uliyonunulia.

Wale wa KTM ya bei ya kutupa wakumbuke kwamba Novemba 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama Austria dhidi ya wadai, maghala yakiwa yamejaa pikipiki. Punguzo lilitokana na hapo. Kampuni ya Bajaj imeiokoa, sawa, lakini uzalishaji ulisimama kwa miezi.

Basi fanyeni hivi. Anayeanza, au wa barabara ya vumbi kwenda shamba, achukue Honda XR150L au Yamaha AG200. Wa mashindano asiye na wakala jirani afikirie mipigo miwili: Yamaha YZ250 injini yake haijabadilika sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, spea za miaka mingi zinaingiliana, na fundi makini ataifungua bila kulia. Ukiagiza nje, mpe wakala namba ya chasisi kabla ya kulipa, uulize kama anaweza kuiagizia spea. Katika kreti hiyo hiyo weka pistoni na ringi, gasketi, sahani za klachi, filta mbili na wenzo wa akiba. Pikipiki isiyo na taa haisajiliwi. Ibebe kwenye pikapu.

Na kabla hujanitumia tangazo jingine, niambie kwanza bei ya pistoni yake na siku itakayofika.