Mchezo wa Abaki Mmoja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Fungueni madaftari.

Kwanza tuandike maneno manne. Mwalimu wa darasa atayaandika ubaoni: GEMU, BANDO, DUARA, ALMASI. Gemu ni mchezo unaochezwa ndani ya simu au kompyuta. Bando ni kipimo cha intaneti tunachokinunua ili simu ifanye kazi. Duara ni mviringo. Almasi ni jiwe la thamani, kama yale yanayochimbwa Mwadui, Shinyanga. Lakini leo tutaona almasi ya namna nyingine.

Sasa tuanze. Pengine umemwona kijana ameinamia simu, vidole vinakwenda mbio, naye anapiga kelele, "Angalia nyuma yako!" Ukigeuka, humwoni mtu. Kijana huyo hana wazimu. Anazungumza na mwenzake aliye mbali, nao wanacheza pamoja. Katika somo hili tutauita mchezo huo Abaki Mmoja. Tuone sababu ya jina hilo.

Bao huchezwa na watu wawili. Abaki Mmoja huchezwa na watu wengi kwa mara moja. Katika gemu iitwayo Free Fire huingia watu 50. Katika ile iitwayo PUBG huingia watu 100. Kila mmoja yuko kwake na simu yake. Katika picha wanaonekana wakishuka kwa miavuli kutoka angani mpaka kisiwani. Wakifika chini huokota silaha na dawa, kisha hupigana. Aliyeuawa ametoka. Anayebaki peke yake ndiye mshindi. Wengine hucheza kwa vikundi, na hapo hushinda kikundi kinachobaki.

Je, mtu hawezi kujificha mpaka wenzake waishe? Hawezi, kwa sababu ya duara. Mnajua tunavyovuna mpunga kutoka pembeni kwenda katikati. Panya hukimbilia mahali ambapo hapajavunwa, na mahali hapo huzidi kuwa padogo. Mwishowe panya wote hukutana. Ndivyo ilivyo katika gemu hii. Duara hupungua kila baada ya muda, na anayebaki nje huumia. Watu husogezwa karibu karibu mpaka wapigane. Katika Free Fire yote hayo huchukua kama dakika 10, na anayeshindwa husema moyoni, "Mara moja tu tena." Hapo ndipo usiku hupita.

Mchezo huu ulianzaje? Mwaka 2000 ilitoka filamu ya Japani iitwayo Battle Royale, juu ya wanafunzi waliolazimishwa kupigana kisiwani mpaka abaki mmoja. Brendan Greene, mtu wa Ireland, aliipenda habari hiyo akatengeneza gemu za namna hiyo. Mwaka 2017, pamoja na kampuni ya Korea Kusini, alitoa PUBG. Mwaka huohuo kampuni ya Epic Games ya Marekani ilitoa ya kwake katika Fortnite, na kampuni ya Garena ya Singapore ikatoa Free Fire. Hii ya mwisho ilitengenezwa iweze kuchezwa hata katika simu za bei ndogo. Ndiyo sababu ilienea haraka katika nchi ambazo watu wengi hawana kompyuta.

Michezo hii imeingia katika maisha ya watu. Mwaka 2018, katika fainali ya Kombe la Dunia, Antoine Griezmann wa Ufaransa alifunga bao akacheza ngoma ya Fortnite mbele ya ulimwengu. Mwaka 2019 kijana wa Marekani wa miaka 16, Kyle Giersdorf, alishinda dola milioni 3 katika mashindano ya Fortnite huko New York. Lakini kumbukeni: mshindi ni mmoja, na walioshindwa hawahesabiki.

Sasa tufike kwenye fedha. Kuingia katika gemu hizi ni bure. Mwenye gemu anapata wapi faida? Zamani misafara ilipita Tabora ikienda Ujiji, na wapagazi walibeba merikani, kaniki na shanga. Mnunuzi alilipa, akavaa nguo yake. Katika gemu pia kuna duka la nguo. Mchezaji hununua almasi kwa fedha halisi, na kwa almasi hizo humnunulia mtu wa kwenye picha koti au kofia. Almasi hizo huwezi kuzishika, wala nguo huwezi kuivaa.

Mwezi wa Desemba 2022 Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 245 ili wachezaji warudishiwe fedha. Serikali ya Marekani ilikuwa imeishtaki kwamba vitufe vya gemu viliwafanya watu wanunue bila kukusudia, na watoto walinunua bila idhini ya wazazi. Ikiwa mambo hayo yalitokea huko, nasi tuangalie. Fedha za tumbaku au asali zaweza kuwa katika simu ileile anayochezea mtoto.

Je, mchezo ni ugonjwa? Hapana, wengi hucheza kisha wakaacha. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa kushindwa kujizuia kucheza kunaweza kuwa ugonjwa. Dalili ni hizi: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, naye anaendelea ingawa anadhurika, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima.

Tufanyeje? Namba ya siri ya fedha asipewe mtoto. Wakati wa kucheza uwe na mwisho. Tena kaa naye, umwulize, "Duara limefika wapi? Umebaki na nani?" Mtoto humsikiliza zaidi mzazi anayeujua mchezo wake kuliko anayeutukana tu.

Maswali ya darasa

1. Duara lina kazi gani?
2. Ikiwa gemu ni bure, mwenye gemu anapata wapi faida?
3. Andika sentensi mbili za kumwambia mtoto wako juu ya simu na fedha.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.