Gegedu la Maabara na Magoti ya Ras Bofu

Wakati wa korona, mwaka 2020, huko Mombasa, Ras Bofu iliunganishwa na Liwatoni kwa daraja la kuelea ili kupunguza msongamano wa feri ya Likoni. Likaelea vizuri. Ila lilikuwa na zaidi ya kilomita moja kwa miguu, na meli ikipita ilibidi lifunguliwe katikati. Kijana alivuka, mama mwenye goti bovu alibaki na feri yake.

Goti lenyewe nalo lina miradi yake. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, hivyo likichimbika halijizibi. Watafiti wanajaribu kuliotesha maabarani ndani ya haidrojeli, yaani maji mengi yaliyoshikwa na nyuzi nyembamba. Mwaka 1982 Benya na Shaffer walikuza seli za gegedu la sungura kwenye sahani bapa. Zikatandazika, zikaacha kazi. Walipozitia ndani ya agarosi, jeli itokanayo na mwani mwekundu, zikarudi kuwa duara na kutengeneza tena kolajeni ya gegedu.

Hapo mradi unapendeza. Taabu huanza tishu ikitoka kwenye sahani. Kwa kutembea tu, goti hubeba mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Sasa mtwishe hamali gunia la mchele, umpandishe ngazi. Jeli laini hupondeka. Ukiikaza, seli hubanwa zisiweze kujenga. Na hata ikistahimili, hushikana kwa shida na gegedu la pembeni.

Matibabu ya jamii hii yapo. Mwaka 1994 Brittberg na wenzake wa Gothenburg walitoa matokeo ya wagonjwa 23 waliorudishiwa seli zao wenyewe, na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha MACI, seli zilizopandwa kwenye utando wa kolajeni. Lakini ni upasuaji mara mbili, tena kwa shimo la jeraha tu. Mzee ambaye goti lake limesagika lote hayumo.

Kusini mwa Ras Bofu, huko Kibuyuni, Kwale, kina mama hufunga mwani kambani maji yakipwa, kisha huuanika na kuuuza kwa kilo. Mwani huo hutoa karajinani, ambayo nayo inajaribiwa kama kiunzi cha gegedu. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, wako Mkomani; Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Siku watakapoandika mradi wa jeli ya tiba, tunawaomba wamwite hamali wa Likoni na mkulima wa Kibuyuni kabla bajeti haijafungwa.