Mzee Anapoona Watu Wasiokuwepo: Maradhi ya Parkinson na Afya ya Akili



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Usiku mmoja baada ya darsa, binti mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Akaniambia: "Sheikh, baba ana mashetani. Usiku anaona watoto wamekaa juu ya kabati, na mchana anamtuhumu mama kuwa na mwanamme mwengine." Wazee hao walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka arubaini. Nilikwenda, nikamsomea ruqya, nikarudi zangu. Nilimuona mkono unatetemeka, lakini sikuuliza anaumwa nini wala anatumia dawa gani.

Watoto wake walipoona hali haibadiliki, walimpeleka kwa mganga. Mganga akawaambia dawa za spitali zinagombana na zake, wakaziacha zote siku moja. Baada ya siku chache mzee alikuwa mkavu kama gogo, homa inawaka, hata maji hawezi kumeza. Alikimbizwa spitali na Alhamdulillah akanusurika. Huko daktari aliieleza familia jambo ambalo mimi pia nilipaswa kuliuliza mapema: wale watoto wa kabatini walitokana na maradhi yale yale yanayotetemesha mkono, pamoja na dawa zake. Makala hii naiandika ili nyumba nyengine isipite njia hiyo.

Maradhi haya ni yepi?

Daktari wa Kiingereza, James Parkinson, aliyaeleza mwaka 1817, na maradhi yakachukua jina lake. Waarabu huyaita ash-shalal ar-ra''ash, yaani kupooza kwa kutetemeka. Wengi wetu tunamkumbuka ndugu yetu Muhammad Ali, bondia wa Marekani, alivyowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 huku mkono ukimtetemeka.

Ndani ya ubongo zimo chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Katika maradhi haya chembe hizo hufa kidogo kidogo, na ndipo mwili unapotetemeka, unapokuwa mzito na kukakamaa. Lakini kazi ya dopamini si kuendesha mikono na miguu tu. Inahusika pia na furaha, hamu na fikra. Basi inapopungua, na maradhi yanapoenea sehemu nyengine za ubongo, akili nayo huguswa.

Dalili za akili

*Huzuni na wahka.* Mgonjwa hukata tamaa, hulia au huingiwa na khofu bila ya sababu. Huzuni hii yaweza kuja hata kabla ya kutetemeka. Usiseme imani yake imepungua. Nabii Ya'qub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah. Mgonjwa akisema anataka kufa, msimwache peke yake, na mpelekeni spitali siku hiyo hiyo.

*Kutojali.* Hataki kutoka, hataki mazungumzo. Uso nao hukakamaa, hauoneshi tabasamu, watu wakadhani amenuna.

*Kuona visivyokuwepo.* Mara nyingi ni watu, watoto au wanyama, zaidi wakati wa kiza.

*Dhana mbaya.* Huamini anaibiwa, au mkewe anamsaliti.

*Kusahau na kuchanganyikiwa,* hasa maradhi yakishachukua miaka mingi.

*Matamanio yasiyozuilika.* Baadhi ya dawa za maradhi haya huweza kumfanya mtu mcha Mungu acheze kamari, atumie pesa ovyo au azidiwe na matamanio. Tabia mpya ya namna hii aelezwe daktari bila ya kuona haya.

*Kupiga makelele na ngumi usingizini.* Huigiza anachokiota. Hili nalo huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Je, si majini?

Sisi tunaamini ghaibu, na ruqya ya Kisharia ni Sunna. Msomee mzee wako, haina madhara. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha pia kutafuta dawa. Anayekwambia uache dawa ya spitali ili kisomo kifanye kazi, mwache yeye. Dawa za Parkinson zikikatwa ghafla zinaweza kumuua mgonjwa. Zinaweza kupunguzwa au kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya daktari.

Jambo jengine: zipo dawa za kutuliza akili, mfano haloperidoli, na dawa ya kutapika iitwayo metoklopramaidi, ambazo humzidisha mgonjwa huyu ukakamavu. Kila mnapokwenda kutibiwa, semeni mwanzo kabisa kuwa ana Parkinson, na chukueni vidonge vyake vyote mkononi. Akichanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msingoje: huenda ana maradhi ya njia ya mkojo, amekosa maji mwilini au hajapata choo. Hayo yanatibika. Na akielekezwa kwa madaktari wa akili, hata ikiwa ni Kidongo Chekundu, hakuna aibu. Ubongo ni kiungo kama moyo.

Nyumbani, wekeni taa usiku. Akisema anaona watoto, msimcheke wala msibishane naye. Mwambieni: "Baba, mimi siwaoni, lakini nipo hapa na wewe." Dawa apewe kwa saa zake.

Hukumu zinazoulizwa sana

*Sala.* Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Kukusanya sala kwa ajili ya maradhi hakumo katika kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Kishafii, lakini Imam an-Nawawi ameipa nguvu kauli ya kuruhusu. Mgonjwa ambaye mwili humtii saa chache tu baada ya dawa ana nafasi hapo.

*Saumu.* Dawa iitwayo levodopa hunywewa mara kadhaa mchana. Ambaye daktari amesema hawezi kuiacha, na hatarajiwi kupona, atafungua na kulisha maskini mmoja kwa kila siku.

*Talaka na mali.* Mzee yule alikuwa amemtamkia mkewe talaka. Maneno ya mtu aliyeondokewa na akili hayahukumiwi kama ya mwenye akili timamu. Lakini mgonjwa huyu huwa na saa za utambuzi na saa za kuchanganyikiwa, kwa hivyo msiamue wenyewe: mpelekeeni Kadhi suala hilo pamoja na maelezo ya daktari. Na kiwanja au nyumba isiuzwe kwa sahihi ya mkono wake akiwa katika hali hiyo.

Neno kwa wanaouguza

Surat Al-Israa, aya ya 23, imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliozeeka. Hukumu hiyo haikumvua mzazi aliyechanganyikiwa. Lakini mzigo huu asiachiwe mke au binti mmoja peke yake. Wana wa kiume pia wapange zamu, wakeshe, wamwogeshe baba yao. Bibi aliyetuhumiwa naye aambiwe mbele ya watoto wake kwamba hana kosa. Siku mama yule alipoelezwa hayo alilia sana, kisha akaenda kumpikia mumewe uji.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe wanaowauguza. Aamin.

Wallahu a'lam.