Siti Binti Saad na Santuri za 1928: Kwa Nini Nyimbo Zake Hazijachakaa

1.0 Utangulizi

Jina la Siti binti Saad hutajwa mara nyingi katika maandishi yahusuyo taarab, na aghalabu hutajwa kwa sifa moja: kwamba alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki ambao sauti zao zilinaswa katika santuri. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshelezi. Wako wengi waliotangulia katika mambo mbalimbali na ambao leo hawakumbukwi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nyimbo zilizorekodiwa mwaka 1928 zingali na mvuto kwa wasikilizaji wa Unguja. Hoja yetu ni kwamba santuri ilihifadhi sauti, lakini kilichohifadhi wimbo ni mambo mawili: maudhui yaliyotoka katika maisha ya watu wa Ng'ambo, na waimbaji waliouimba upya.

2.0 Usuli

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watu wenye asili ya utumwa. Alikuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huko alifunzwa uimbaji na muziki, kisha akaungana na wapigaji ala kama Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam.

Taarab aliyoikuta mjini ilikuwa ya Kiarabu. Mapokeo yanaeleza kuwa Sultani Barghash (1870–1888) alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki huo, na chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 kwa misingi hiyohiyo. Muziki ulikuwa wa majumba ya Mji Mkongwe, na wengi walioishi upande wa pili wa pwani hawakuielewa lugha yake. Siti aliimba Kiarabu pia, na alialikwa majumbani kwa wakubwa. Lakini alipoimba Kiswahili alimpa mtu wa Ng'ambo nafasi ya kuwa mhusika na mwamuzi wa wimbo. Mwezi Machi 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice.

3.0 Mipaka ya santuri

Yafaa tukumbuke hali ya chombo chenyewe. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo wa taarab, ambao katika hafla huweza kurefushwa kwa viitikio na kwa hamasa ya watunzaji, ulilazimika kufupishwa. Aidha, santuri hizo zilivunjika kwa urahisi, na kila sindano ilipopita ilizikwangua. Kwa hiyo, kama uhai wa nyimbo hizi ungetegemea chombo peke yake, zingalikwisha zamani.

Hata hivyo, ufupi huo ulikuwa na faida yake. Ulilazimisha beti chache zibebe kisa kizima, na beti chache hukaririka kwa wepesi. Santuri ikawa kama mwalimu: msikilizaji aliirudia mpaka akaihifadhi, kisha akaweza kuimba bila ya santuri.

4.0 Tukio na fumbo

Nyimbo zinazonasibishwa na Siti zaweza kutazamwa katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni wa tukio. Mfano wake mashuhuri ni "Kijiti", unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni. Wimbo hauishii katika kumlaumu mwuaji, ambaye alitoroka; unaonyesha pia jinsi mkono wa sheria ulivyowaangukia mashahidi. Hapa wimbo umefanya kazi ya baraza: umeisikiliza kesi upya na kuihukumu mahakama yenyewe. Wanawake na mafukara, ambao neno lao halikuwa na uzito mbele ya hakimu wa kikoloni, walipata mahali pa kulisema.

Mkondo wa pili ni wa fumbo. "Muhogo wa Jang'ombe" unataja chakula cha kila siku na mtaa unaojulikana, lakini msikilizaji wa Unguja hatarajii kwamba muhogo ni muhogo tu. Kila kizazi hulijaza fumbo kwa mambo yake, na kwa hiyo halizeeki.

Yawezekana kudai kwamba mkondo wa kwanza ungepaswa kufa, kwa kuwa waliolijua tukio wamekwisha kufariki. Dai hili halielekei kuwa sahihi. Majina ya wahusika yamefifia, lakini muundo wa dhuluma haukutoweka: mkosaji hupona, na aliyesema kweli huadhibiwa. Msikilizaji wa leo hahitaji kumjua Kijiti ili aitambue hali hiyo.

5.0 Waliouimba upya

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, uliochapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Kitabu hicho kilimhifadhi Siti kama kielelezo cha maadili na jitihada. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka (aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013), alifanya kazi tofauti: aliziimba "Kijiti" na "Muhogo wa Jang'ombe" kwa sauti yake nzito, bila kumwiga Siti, na kuzifikisha katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Nao waandishi wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, waliliita jarida lao *Sauti ya Siti*. Walilolichukua kwake ni ile haki ya kusema hadharani.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mvuto wa nyimbo hizi hautokani na ukongwe wake. Hatari iliyopo ni kumgeuza Siti kuwa sanamu ya "mwanamke wa kwanza", jina linalosifiwa huku maneno yake hayasikilizwi. Mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kuzirejea nyimbo zenyewe, beti kwa beti, na kuwauliza wanaoziimba sasa ni dhuluma ipi wanayoikusudia.