Kila Doa na Bei Yake

Mzungu mzee wa Florida, kule Marekani, huenda kwa daktari wa ngozi kama vile mzee wa huku kwetu aendavyo kwa kinyozi. Huvua shati, huketi, na daktari humkagua kipara, masikio na mikono. Daktari ameshika chombo mfano wa kopo la dawa ya mbu. Ndani yake mna naitrojeni iliyogeuzwa maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Psss! Doa moja limegandishwa. Psss! Jingine hilo. Muda si muda mzee anavaa shati lake na kwenda zake, na hesabu inapelekwa kwa bima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wengi wa wazee hao hulipiwa na Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1965 kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Katika malipo yake kila kazi ya daktari ina nambari. Doa la kwanza lililoletwa na jua likigandishwa, nambari ni 17000. La pili hadi la 14, kila moja huongezewa kitu kidogo kwa nambari 17003. Yakifika 15, nambari ni 17004, na malipo huwa ya jumla, yawe 15 au 50. Sasa niambie, ndugu msomaji: daktari aliyekwisha kuhesabu madoa 13, jicho lake halitatafuta mawili zaidi nyuma ya sikio? Fundi cherehani akilipwa kwa idadi ya vifungo, usishangae kuona vifungo mgongoni.

Si kwamba madoa hayo ni uzushi. Ni kazi ya jua la miaka mingi juu ya ngozi nyeupe, na baadhi hugeuka kansa. Lakini ni mangapi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2009, uliofanyiwa askari wastaafu wa Marekani, ulionyesha kwamba yaliyogeuka kansa ile inayohofiwa zaidi kutokana na madoa hayo, kwa muda wa mwaka mmoja, hayakufika 1 katika 100. Zaidi ya nusu hayakuonekana tena mwaka ulipokwisha. Daktari atajitetea kwamba hawezi kujua ni lipi litakaloasi, na hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, kwa ajuza wa miaka 90 aliye kitandani, malengelenge na vidonda vya kugandishwa ni vya leo, na kansa yenyewe huenda isimkute.

Kisha kuna vinyama vya shingoni na vidutu vya uzeeni visivyodhuru mtu. Medicare hailipi viondolewe kwa ajili ya urembo. Vikiwa vinawasha au vinatoka damu, hulipa. Basi swali dogo huwa na thamani kubwa: "Hiki hakikuwashi, mzee?" Na mzee, ambaye hata hakuwa na habari nacho, huanza kujikuna.

Huku kwetu chombo hicho hicho kina kisa kingine. Albino wa Kenya na Tanzania hutokwa na madoa hayo wangali vijana, na kansa ya ngozi huwaua wengi kabla hawajaota mvi. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha kufundisha utabibu wa ngozi kilifunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya nchi za kanda hii. Albino aliyezaliwa mbali na mji hungoja kliniki ipite. Nayo naitrojeni haiwekeki: huvukiza taratibu mtungini, itumiwe isitumiwe, kwa hiyo sharti isafirishwe siku za kliniki zikikaribia.